Msumari wa Kiti cha Pili

Jumatatu, Mei 6

Nimenunua daftari hili ili nisiendelee kugombana na sufuria. Everett anasema nikikasirika naongea na sufuria, na kweli leo nimeitukana ile ya kukaangia mpaka jirani kachungulia.

Tuna siku kumi na moja katika mji huu. Ni uhamisho wetu wa nne tangu tuoane. Jeshi likimwambia Everett hama, anahama na cheo chake. Alipanda gari akiwa sajini, akashuka akiwa sajini. Mimi nilipanda gari nikiwa msusi mwenye leseni, saa elfu moja na mia tano za mafunzo na miaka kumi na mmoja ya kazi. Tulipovuka mpaka wa jimbo leseni ile ikawa karatasi ya kufungia karanga. Kila jimbo la Marekani lina Bodi yake ya urembo, na kila Bodi inaamini nywele za jimbo lake zimeumbwa tofauti.

Jimbo la pili walinifanyisha mtihani upya juu ya kichwa cha bandia. Kichwa hicho ninacho bado, nimekiita Gladys. Kwenye safari hii Gladys alikaa kiti cha nyuma, kafungwa mkanda. Askari wa barabarani alitusimamisha akamsalimia.

Jumatano, Mei 8

Everett amenijazia fomu. Sikumwomba.

"Wewe ukishika fomu unaapiza," kasema. "Lete hapa, mke wangu. Mimi fomu ndiyo kazi yangu."

Akakaa mezani mgongo umenyooka, akajaza kwa zile herufi zake kubwa za kijeshi. Tukaambatisha leseni ya kule tulikotoka, cheti cha ndoa na amri yake ya uhamisho. Kuna sheria mpya: wake na waume wa askari, na wastaafu wa jeshi, maombi yao yashughulikiwe ndani ya siku thelathini. Pale kwenye kisanduku cha "mwenza wa askari" nilitia tiki mwenyewe, nikaikandamiza mpaka ikatokea ukurasa wa pili.

Siku thelathini si nyingi. Nitavumilia.

Ijumaa, Mei 10

Nje ya lango la kusini la kambi kuna saluni ya viti viwili, ukutani imeandikwa SUNNY. Mwenyewe ni Bi Sunny, jina lake hasa Sun-hi, mwanamke wa Kikorea aliyeletwa na mume askari mwaka 1979, sasa ni mjane. Mfupi, mkavu, maneno yake yanahesabika. Nywele zake nyeusi tititi, zimekatwa sawasawa usawa wa taya. Nilijua ni rangi, na aliyeipaka anaijua kazi.

"Leseni?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Inakuja, Bi Sunny."

"Inakuja si leseni."

Hata hivyo alinitazama mikono, vidole kimoja kimoja, kama anayenunua samaki. Kisha akachukua nyundo, akapigilia msumari pembeni ya kioo cha kiti cha pili. Sheria inataka leseni ining'inie mteja anapoiona.

"Msumari wako huu. Siku karatasi ikikaa hapa, unashika kichana. Kabla ya hapo unashika ufagio."

Akaniambia na la pili. Agosti 31 anafunga kazi, anahamia kwa binti yake huko Tacoma. Mwenye jengo yuko tayari kuniandikia mkataba mimi, lakini anataka jina lenye leseni ya jimbo hili. Asipolipata siku hiyo, chumba wanapewa wauza sigara za mvuke. Kwa hiyo hii si kazi ya kushika kwa muda. Ni saluni nzima, yangu, kitu ambacho sijapata kukiwaza kwa sauti katika miaka yote ya kuhamahama.

Jumanne, Mei 14

Nimefagia.

Jumatano, Mei 15

Nimefagia. Nimekunja taulo sitini. Siruhusiwi hata kumwosha mteja nywele; nimemuuliza Bi Sunny mara mbili, kanijibu mara moja.

Jumamosi, Mei 25

King'ora cha kimbunga kimelia saa tisa alasiri, anga limekuwa la kijani kama maji ya bwawa. Tulijibanza chooni watu saba, wawili wana rola kichwani, mmoja ana povu. Bi Sunny alihesabu wateja, kisha akahesabu mikasi. Kimbunga kikapita kusini, kikala ghala la ngano la watu wasio na hatia. Tulipotoka, mteja wa povu akaniambia nimsuuze basi, macho yanamwasha. Nikaweka mikono nyuma kama mwizi. Ilinibidi nimwite Bi Sunny.

Ijumaa, Juni 7

Siku ya thelathini. Nimepiga simu kwa Bodi saa mbili kamili asubuhi. Muziki wa filimbi dakika arobaini na tatu. Kisha mwanamke, anaitwa Twyla.

"Faili lako linashughulikiwa, bibi."

"Linashughulikiwaje?"

"Lipo kwenye mchakato."

"Dada Twyla, sheria inasema siku thelathini kwa wake wa askari."

"Ndiyo, bibi. Siku thelathini tangu faili likamilike."

"Halijakamilika?"

"Hapa sioni, bibi. Mimi naona tu kwamba lipo."

Nilimshukuru. Mama yangu kule Macon alinilea vizuri, ndiyo tatizo.

Jumatano, Juni 12

Joto limeanza kweli. Vumbi jekundu linaingia hata kwenye droo ya soksi.

Nimeona jambo. Kwenye mstari wa nywele za Bi Sunny kumetoka weupe, unene wa kiboksi cha kiberiti ukikilaza. Mwanamke wa rangi nzuri vile, kuacha mizizi ionekane! Mke wa kapteni mmoja hakujizuia: "Bi Sunny, kinyozi hajinyoi, eh?"

"Nangoja msusi wangu," akajibu, akaendelea kukata.

Nadhani ana mtu wake huko Tacoma. Nilichukia kidogo. Nipo hapa kila siku, mikono miwili mizima, na anangoja mtu wa kule.

Jumanne, Juni 18

Filimbi, dakika hamsini na moja. Lipo kwenye mchakato.

Ijumaa, Juni 28

Lazima niandike haya.

Leo kikosi kimerudi kutoka ng'ambo, miezi tisa. Wanaowajua wanawake wa kambi wanajua siku hiyo saluni inakuwaje. Tulifungua saa kumi na mbili asubuhi. Wake wamekaa mpaka kwenye ngazi, watoto wamevaa bendera, kila mtu anataka kwa wakati mmoja. Na msusi ni mmoja, ana zaidi ya miaka sabini, vidole vina baridi yabisi. Mimi nafagia. Nafagia huku nikiona makosa ya haraka yake na kujua ningeyarekebisha kwa dakika mbili.

Saa nne, Corinne, binti wa miaka ishirini na mbili, mke wa koplo, alikuwa na dawa ya kulainisha nywele kichwani. Dawa ile haina masihara, dakika zikipita inakula ngozi. Bi Sunny akaenda stoo kuchukua shampuu ya kuizimua. Dakika ikapita. Ya pili. Corinne akaanza kucheka kwa woga, kisha akasema, "Jamani, inaniunguza." Kisha akapiga kelele.

Nilimwita Bi Sunny. Hakutokea. Sikufikiri. Nilitupa ufagio, nikamvuta Corinne mpaka kwenye sinki, nikafungua maji baridi nikamwosha. Nilimwosha kwa ile shampuu nyingine iliyokuwa karibu, mara nne, nikipapasa kwa ncha za vidole kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka ishirini. Ngozi ilikuwa nyekundu lakini nzima. Mikono yangu ilifurahi, siwezi kusema uongo. Ilikuwa imekaa miezi miwili bila kichwa cha mtu.

Nilipogeuka, Bi Sunny alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, chupa mkononi, kifuniko hakijafunguka. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Alinitazama, akawatazama wanawake kumi na wanne waliokuwa wananitazama. Akaja, akanipiga kichana kwenye kifundo cha mkono.

"Toka."

"Bi Sunny, alikuwa anaungua!"

"Nimesema toka. Usirudi mpaka nikuite."

Mbele ya watu wote. Mimi, mama mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Nilitembea mpaka nyumbani kwenye jua la nyuzi arobaini huku mikono inanuka dawa. Everett alikuwa kwenye gwaride la kuwapokea wenzake. Namchukia yule bibi. Naichukia Bodi na filimbi zake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeumia la kutosha.

Alhamisi, Julai 4

Sikukuu ya uhuru, fataki mji mzima. Everett amekaa bafuni, feni imewashwa kwa nguvu ili asisikie mishindo, inamrudisha vitani. Nimekaa naye sakafuni. Hatukuzungumza habari za leseni.

Jumanne, Julai 9

Saa sita mchana mlango umegongwa. Bi Sunny, na chupa ya kimchi, ile kabichi kali ya Kikorea, na birika la chai ya shayiri. Weupe wa nywele zake sasa umefika upana wa kidole. Akavua viatu, akaingia, akamtazama Gladys juu ya friji.

"Huyu nani?"

"Gladys. Nilifanyia mtihani."

"Kasukwa vizuri." Akakaa. "Mwaka 1981 nilikuwa nasuka wake za askari jikoni kwangu, nyumba za kambi. Bure. Wananiletea mayai. Nilikuwa nimeshapeleka maombi ya leseni, nasubiri. Mtu akaiandikia Bodi barua. Wakaliweka faili langu pembeni miaka miwili, Vernelle. Miaka miwili. Tukahamishwa kabla halijarudi."

"Nani aliandika?"

"Rafiki yangu. Nilikuwa nimemsuka siku ya harusi yake." Akanywa chai. "Wale wanawake kumi na wanne, unawajua wote?"

Nikatikisa kichwa, kwa sababu siwajui.

"Nilikupiga waone. Waseme nje kwamba yule bibi mkali kamfukuza. Hakuna atakayeandika kwamba Sunny anaajiri wasio na leseni." Akasimama, akavaa viatu. "Corinne ameondoka na ngozi yake kichwani. Asante. Usirudie. Kesho saa tatu."

Miezi miwili nimemwita bibi mkavu ndani ya daftari hili. Sifuti, acha ibaki.

Jumatano, Julai 10

Nimefagia. Safari hii bila kununa sana.

Jumanne, Julai 16

Filimbi, dakika thelathini na nane. Lipo.

Jumanne, Julai 23

Filimbi. Simu ikakatika dakika ya sitini na mbili. Nimemtupia Everett kiatu bila kukusudia. Nilikusudia ukuta.

Jumamosi, Julai 27

Mwenye jengo amekuja na vijana wa sigara za mvuke. Wakapima chumba kwa futi. Mmoja akauliza sinki zinang'oleka? Bi Sunny akamwambia, "Jaribu." Hawakujaribu.

Jumanne, Agosti 6

Naandika haya nikicheka na kulia.

Filimbi dakika ishirini tu. Twyla. Sauti zetu sasa zinajuana kama za majirani. Nikamwambia, "Dada Twyla, leo siweki simu chini. Nitakaa hapa mpaka ustaafu. Fungua faili, nisomee kilichomo, mstari kwa mstari."

Akashusha pumzi. "Bibi, mimi si wa kitengo hicho."

"Una mume, Twyla?"

"Nilikuwa naye."

"Basi unajua kungoja. Nisomee."

Nikasikia droo. Nikasikia karatasi. Akasoma jina, anwani, nambari ya leseni ya zamani. Kisha akaja na sauti ya chini, ya upole wa kutisha.

"Bibi, naomba nikuulize jambo, na usijisikie vibaya. Ulilazimishwa kuolewa?"

"Nini?"

"Uliolewa ukiwa na miaka kumi na minne?"

Nilisema kitu ambacho mama wa Macon asingependa.

Mambo yenyewe haya. Everett, bwana fomu, kwenye tarehe ya ndoa aliandika kama jeshi linavyoandika: 03 NOV 14. Yaani tarehe tatu, Novemba, mwaka wa kumi na nne. Karani aliyeingiza kwenye kompyuta ni raia. Akasoma mwaka 2003, Novemba, tarehe 14. Fomu inasema tumeoana 2003, cheti kinasema 2014, na mimi nimezaliwa 1989. Wakaliweka faili kwenye kabati la yenye mashaka, wakatuma barua ya kuomba maelezo. Barua ikaenda kwa anwani ya leseni ya zamani, nyumba tuliyohama.

Miezi mitatu. Miezi mitatu nafagia kwa sababu mume wangu hawezi kuandika tarehe kama watu.

"Nasahihisha sasa hivi," kasema Twyla. "Faili limekamilika leo. Siku thelathini zinaanza."

Nikahesabu kwa vidole. Zinaisha Septemba 5. Saluni inakufa Agosti 31.

"Twyla," nikasema, "nisipoipata leseni kufikia Agosti 31, saluni naikosa."

"Nimesikia, bibi," akasema, na ndiye aliyekata simu.

Jumanne hiyohiyo, jioni

Nimemweka Everett kiti kilekile alichojazia fomu.

"Sajini Tolliver. Tulioana lini?"

"Sifuri tatu Novemba kumi na nne." Mara moja, kifua mbele.

"Kwa lugha ya binadamu!"

Nilipomweleza alikunja uso. Kisha akasema, "Lakini ndivyo inavyoandikwa," na nikaenda kumwambia Gladys yanayomhusu mtu wa namna hii. Baadaye alikuja jikoni. Hakujitetea tena. Kasema kila uhamisho aliona mimi ndiye ninayelipa, na alitaka mara moja tu anibebee mzigo mmoja, akaudondosha. Nilitaka niendelee kukasirika na nikashindwa, jambo ambalo nalo lilinikasirisha.

Jumamosi, Agosti 17

Makatoni yameingia saluni. Bi Sunny anafunga kila kitu isipokuwa kiti cha pili na kioo chake. Nilimwambia afunge tu, haitawahi. Akasema msumari hauli chakula.

Weupe wake ni vidole vitatu sasa. Wateja wameacha kumtania, wanafikiri anaumwa.

Jumamosi, Agosti 24

Hakuna. Mtu wa posta ananikwepa.

Jumatano, Agosti 28

Hakuna. Everett amejitolea kuendesha gari mwendo wa saa nne mpaka ofisi za Bodi akasimame mlangoni na sare zake. Nimemwambia akae palepale alipo na asiandike chochote.

Ijumaa, Agosti 30

Simu ililia saa nane mchana. Safari hii wao ndio walionipigia, na filimbi haikuwapo.

"Bibi, una mashine ya kuchapa?" Twyla, anahema.

"Bi Sunny anayo."

"Angalia barua pepe. Nimelipeleka faili mwenyewe ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nimemsimamia mkurugenzi mpaka akasaini. Chapa, bandika, ya karatasi ngumu inakuja kwa posta. Na mwambie mumeo," akavuta pumzi, "mwambie mwezi unatangulia."

Imechapwa ikiwa imepinda kidogo. Jina langu lote, VERNELLE TOLLIVER. Chini, kwa herufi ndogo, kwamba ni ya mwenza wa askari na itakoma pamoja na amri ya uhamisho ya mume: MAY 27.

Everett kaisoma mara mbili. "Tarehe ishirini na saba Mei?"

"Mwaka, Everett. Mei ya mwaka elfu mbili ishirini na saba."

Kwa hiyo leseni ni yangu, na siku yake ya kufa wameiandika kwenye karatasi za mume wangu. Nimekasirika, na nimelala na karatasi hii kifuani nusu saa. Yote mawili kwa pamoja.

Jumamosi, Agosti 31

Mwenye jengo alikuja saa tatu asubuhi na mikataba miwili mfukoni. Nilimwonyesha ukuta. Alisogea, akasoma jina, akasoma tarehe, akatoa mkataba mmoja. Nikasaini.

Alipotoka, Bi Sunny alifunga mlango kwa ndani, akageuza kibao. Kisha akaenda akakaa kwenye kiti cha pili. Nilidhani amechoka.

"Kitambaa," akasema.

"Bi Sunny?"

"Unangoja nini? Nimengoja tangu Mei. Nilisema nangoja msusi wangu."

Nilisimama na kitambaa mkononi kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Wiki zote zile nilizokuwa nikimwona mwanamke asiyejijali! Ile mizizi ilikuwa ni ahadi, imeota juu ya kichwa chake kila mtu akiicheka, na mimi niliyeahidiwa nilikuwa nimenuna pembeni na ufagio. Niliona haya, na nikalia kidogo kwenye taulo.

Nilimwosha taratibu. Nilimwuliza nimpakie nyeusi ileile?

"Hapana. Kata nyeusi yote."

"Yote? Utabaki na vidole vitatu."

"Nyeupe hii mmeikuza wewe na Bodi yako, miezi minne. Nakwenda nayo Tacoma. Kata."

Nikakata. Nyeusi ilianguka pande zote za kiti, na chini yake akatokea mtu mwenye kichwa kidogo, cheupe, kizuri. Alijitazama kwenye kioo kushoto, akajitazama kulia. Hakusifu. Alipitisha kiganja kwenye kisogo mara mbili.

Niliinama kuchukua ufagio, mazoea ya miezi minne. Alishaushika.

"Kaa," akasema Bi Sunny. "Wewe una leseni."

Akafagia mwenyewe, mpaka chini ya sinki.